Mmea mmoja, lebo nne

Fungua kabati la hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, penye mimea ya jamii ya ndago, uvute karatasi kongwe. Si ajabu kukuta mmea mmoja mkavu una lebo tatu au nne: Kyllinga brevifolia, chini yake Cyperus brevifolius, kisha Kyllinga tena. Wanafunzi huuliza nani alikosea. Mara nyingi hakuna. Wote walioandika lebo hizo waliutambua mmea. Walichobishania ni ukoo wake, yaani jenasi, ambayo ndiyo jina la kwanza kwenye lebo.

Huenda unaukanyaga kila siku. Ni ule mfupi unaopenda majimaji, wenye kichwa cha kijani kama kifungo na majani matatu hivi yaliyotawanyika chini yake. Zungusha bua kati ya vidole, utahisi pembe tatu. Rottbøll, mtaalamu wa mimea wa Denmark, aliuita Kyllinga mwaka 1773. Kilichoutenga na Cyperus kinataka kioo cha kukuzia: ua lake lina stigma (ncha zinazopokea chavua) mbili, na kitunda ni bapa. Ndago ya shambani, Cyperus rotundus, ina stigma tatu na kitunda cha pembe tatu.

Kwa C. B. Clarke, mtaalamu wa mimea Mwingereza, tofauti za namna hiyo zilitosha kugawa Cyperus kuwa jenasi kadhaa, Kyllinga na Pycreus zikiwemo. Georg Kükenthal, Mjerumani aliyekuwa pia mchungaji wa kanisa, hakukubali. Katika kazi yake ya 1935 na 1936 alizirudisha nyumbani. Vitabu vikagawanyika, na lebo zikaongezeka.

Aliyeamua ugomvi ni DNA. Ilionyesha kwamba Kyllinga, Pycreus na wenzao wamechipuka ndani ya Cyperus kwenyewe. Ni wajukuu wa nyumba hiyo, na huwezi kumfuta mjukuu kwenye ukoo kwa kuwa hafanani na babu. Kati ya 2011 na 2014 wataalamu waliwahamishia rasmi humo. Mchungaji alishinda bila kuona vinasaba hata kimoja.

Kuhama kuna kanuni zake. Jina la pili hubaki, ila mwisho wake hufuata jenasi mpya, kama kivumishi chetu kinavyofuata ngeli: brevifolia ikawa brevifolius. Kama ndani ya Cyperus jina hilo limeshachukuliwa na mmea mwingine, mhamiaji hutafutiwa jingine, na hapo ndipo watu hupotea kabisa.

Lebo za zamani hatuzibandui. Mpya huwekwa kwenye nafasi iliyobaki, ikiwa na tarehe na jina la aliyeutambua mmea.