Kumwezesha mwanamke: aweze nini hasa?

Kuwezesha ni kumfanya mtu aweze. Wengi wetu tumelisikia neno hili kwenye hotuba za Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, tukalizoea kama jina jingine la kugawa cherehani na mikopo. Cherehani ni msaada wa kweli. Lakini mama anayeshona kutwa, jioni akakabidhi mapato yote bila kuulizwa yatumikeje, ameongezewa kazi tu. Amewezeshwa pale anapokuwa na kipato au mali, na kauli juu yake: kuuza, kuweka akiba, kukataa.

Hapo ndipo dhana hii inapokutana na umaskini. Ni mama anayejua unga umebaki kiasi gani na mtoto yupi ameanza kukohoa. Shilingi iliyo chini ya kauli yake mara nyingi huishia kwenye chakula, daftari na dawa.

Mfano ninaouamini kuliko yote ni vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA kama tunavyoviita Tanzania. Mbegu yake ilitoka mbali: mwaka 1991 wanawake wa vijijini nchini Niger, wakisaidiwa na shirika la CARE, walianza kuchanga wenyewe na kukopeshana. Mwanachama hununua hisa kikaoni, fedha zikahesabiwa mbele ya wote na kuwekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa watu watatu tofauti. Mkopo hutoka humo humo, na riba hurudi kwao, wakagawana mwisho wa mzunguko. Kando upo mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa. Kinachonigusa zaidi ni pale mama ambaye hajawahi kufungua mdomo kwenye mkutano wa kijiji anaposimama na kumwambia mweka hazina: hesabu tena.

Linganisha na mikopo ya kausha damu, ile ya haraka yenye riba kubwa. Nayo hujitangaza kuwa inawainua akina mama, lakini marejesho yakichelewa, vyombo na godoro vinabebwa. Mkopo wa namna hiyo unamrudisha mtu nyuma ya pale alipoanzia, na ni kosa kuuita uwezeshaji.

Kisha kuna ardhi, na hapa kikundi peke yake hakifui dafu. Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, ila kwenye mirathi mila bado humsukuma pembeni, naye akalima maisha yake yote shamba lisilo na jina lake. Vivyo hivyo na mali ya ndoa: Mahakama ya Rufani ilikubali tangu 1983 kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika kuichuma. Lakini wapo wanawake wanaoondoka kwenye ndoa za miaka ishirini na begi la nguo tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia hilo.