Ngozi Imelegea, Majibu Yanasema "Kawaida": Maswali na Majibu Kuhusu Nyuzi za Elastini

Mgonjwa anaona kwa macho yake mwenyewe kwamba ngozi ya mkono au ya ubavu imejaa mikunjo myembamba ambayo mwaka juzi haikuwapo. Anakatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi cha kupimwa maabara, anasubiri, kisha anapewa karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna kasoro. Anatoka akijiuliza kama ugonjwa anautunga kichwani. Mara nyingi hautungi. Majibu haya yanahusu magonjwa machache, tena adimu, yanayoharibu nyuzi za elastini kwa mtu aliyezaliwa na ngozi nzima.

Elastini ni nini, na kwa nini ikiharibika hairudi?

Bana ngozi ya mgongo wa kiganja chako, ivute juu, iachie. Kilichoirudisha mahali pake ni elastini. Chini ya ngozi ya nje kuna tabaka nene liitwalo demisi, na sehemu kubwa ya tabaka hilo ni kolajeni, ambayo kazi yake ni uimara. Elastini ni kidogo mno, asilimia 2 hadi 4 tu ya uzito mkavu wa demisi, lakini ndiyo inayofanya ngozi ivutike na kurudi. Sketi yenye mpira uliochoka kiunoni haijachanika popote, kitambaa chake ni kizima, ila haikai. Ngozi iliyopoteza elastini iko hivyo hivyo.

Sehemu kubwa ya elastini huundwa mtoto akiwa tumboni na katika miaka ya utoto. Mtu mzima anatengeneza kidogo sana, na kinachotengenezwa mara nyingi hakipangwi vizuri. Ndiyo maana uvimbe wa muda mfupi kwenye ngozi, seli za kinga zikimwaga vimeng'enya vinavyomeng'enya elastini, unaweza kupona kabisa na bado ukaacha ulegevu wa kudumu.

Nitajuaje kama si uzee, jua au kupungua mwili?

Anza na mahali na umbo. Aliyepungua kilo nyingi hupata mikunjo mikubwa inayoning'inia tumboni, mapajani na chini ya mikono. Ngozi iliyopigwa na jua kwa miaka mingi hukunjamana usoni, shingoni na mikononi, huwa nene, na kwa baadhi ya watu huwa na umanjano. Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: chini ya hadubini, ngozi ya jua haijakosa elastini, bali imejaa elastini mbovu iliyoviringana mabongemabonge.

Sasa linganisha na elastolisisi ya katikati ya demisi, ugonjwa ulioelezwa mara ya kwanza na madaktari Shelley na Wood nchini Marekani mwaka 1977. Huwapata zaidi wanawake, wengi wao kati ya miaka 30 na 50. Mikunjo ni midogo kama ya karatasi laini iliyofinywa kisha ikanyooshwa, imelala sambamba, na ina mpaka: hapa imekunjamana, sentimita mbili pembeni ngozi ni ya kawaida. Hukaa kiwiliwili, mikono ya juu, shingoni. Ukiivuta ngozi kwa vidole viwili mikunjo hupotea, ukiachia inarudi. Haiwashi, haiumi. Wengine hawana mikunjo bali vijivimbe vidogo laini kuzunguka vinyweleo, ngozi ikafanana na ganda la chungwa.

Baadhi ya wagonjwa hukumbuka wekundu uliotangulia. Wenye ngozi nyeusi huenda wasiuone wekundu wowote. Kwao huwa doa lenye weusi uliozidi au zambarau iliyofifia, na mara nyingi halihesabiwi kuwa ni kitu. Daktari akikuuliza "kuliwahi kuwa na wekundu?", mwambie rangi uliyoiona wewe, usitafute nyekundu.

Daktari alinibonyeza doa moja kwa kidole mara tatu. Alikuwa anatafuta nini?

Anetodema. Jina lilitolewa na daktari wa ngozi Jadassohn mwaka 1892 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ngozi iliyolegea. Ni madoa madogo ya mviringo, mengi kifuani, mgongoni na mikono ya juu. Mengine yamebonyea, mengine yametuna kama kijifuko kisicho na kitu ndani. Ukiweka ncha ya kidole juu ya doa na kubonyeza polepole, kidole kinazama ndani bila kizuizi, na pembeni mwake unausikia ukingo wa ngozi ngumu pande zote, kana kwamba umekipitisha kwenye tundu la kifungo. Ukiondoa kidole, doa linatuna tena. Kovu haliwezi kufanya hivyo, na keloidi ndiyo kabisa, maana hiyo ni ngumu.

Kidole hicho hutofautisha magonjwa kwa haraka kuliko kifaa chochote cha kliniki, na ni bure. Mistari ya manjano inayovuka mgongo kwa ulalo, iliyoinuka kiasi cha kuhisiwa, si michirizi ya unene: huenda ni elastosisi ya mistari, ambayo elastini yake imezidi badala ya kupungua. Vijipele vya manjano au rangi ya ngozi shingoni kwa mwanamke wa umri mkubwa vinaelekeza kwingine, nako nitafika. Na ngozi ikiwa inaning'inia mwili mzima, uso ukazeeka miaka ishirini katika miezi michache, hiyo ni kutisi laksa ya ukubwani, na ndiyo inayotaka haraka kuliko zote.

Nilikatwa kinyama, majibu yakasema ngozi ni ya kawaida. Basi tena?

Hapana, na hapa ndipo safari nyingi zinapokatikia.

Kinyama kikifika maabara huwekwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba vya maikromita 4 au 5, kisha hutiwa rangi. Rangi ya kila siku ni hematoksilini na eosini: viini vya seli huwa bluu iliyoiva, kolajeni huwa pinki. Elastini nayo hushika pinki hiyohiyo. Zikiwapo, nyuzi humezwa na kolajeni iliyozizunguka. Zisipokuwapo, hakuna anayegundua kwamba hazipo. Ni kama kutafuta uzi mweupe juu ya shuka jeupe. Mwanapatholojia aliyeandika "kawaida" hakukosea, ameandika alichoonyeshwa na rangi aliyoitumia. Na kama fomu iliyofika na kinyama iliandikwa "kipele, chunguza" tu, asingekuwa na sababu ya kutumia nyingine.

Rangi za elastini zipo tangu zamani. Verhoeff, daktari wa macho wa Marekani, alieleza yake mwaka 1908 na mpaka leo ndiyo inayotumika sana, ikiunganishwa na ya van Gieson. Maabara nyingine hutumia orseini, nyingine rangi ya Weigert. Kwa Verhoeff na van Gieson, elastini huwa nyeusi na kolajeni nyekundu.

Kinyama kilekile kilichoitwa cha kawaida, kipande chake kikitiwa rangi hii, husema jambo lingine kabisa. Juu, karibu na ngozi ya nje, unaona vijinyuzi vyeusi. Unashuka, na ghafla ni uwanja mwekundu mtupu, mkanda mzima hauna hata uzi mmoja. Unashuka zaidi, nyuzi nene nyeusi zinarejea kana kwamba hakuna kilichotokea. Pembeni mwa shina la unywele nyuzi zimesalia, zimeushikilia unywele huku kila kitu kati ya shina na shina kikiwa kimelegea. Ndiyo sababu ya vile vijivimbe vya ganda la chungwa.

Kwa nini nilikatwa sehemu mbili, moja ikiwa nzima kabisa?

Ulikuwa na daktari anayejua anachokifanya. Wingi wa elastini hutofautiana kwa umri na kwa sehemu ya mwili, kwa hiyo "kidogo" haina maana mpaka uwe na cha kulinganisha nacho. Kuna sababu nyingine inayosemwa kwa nadra: baada ya kutiwa rangi ya Verhoeff, slaidi, yaani kioo chenye kipande hicho, huoshwa kwa kloridi ya feri ili weusi wa ziada utoke. Fundi akizidisha sekunde, nyuzi nyembamba nazo hufifia, na ngozi isiyo na ugonjwa huonekana gonjwa. Kipande cha ngozi nzima kilichopita maji yaleyale kinaumbua kosa hilo. Wengine hukata kipande kimoja kirefu kinachovuka mpaka, nusu kizima na nusu kilicholegea, na nadhani hiyo ni bora kama kovu halikutishi.

Hufanywa kwa ganzi, na mara nyingi kifaa ni cha duara chenye kipenyo cha milimita 4.

Nyuzi zimeonekana zimekosekana. Jina la ugonjwa linatoka wapi?

Linatoka kwenye kina. Mkanda mtupu katikati ya demisi, juu na chini nyuzi zikiwapo, ni ile elastolisisi ya mikunjo. Upungufu ndani ya doa moja lenye mpaka, nje yake nyuzi tele, ni anetodema. Nyuzi zilizokatika sehemu kubwa ya demisi, kila mahali, ni kutisi laksa.

Nyuzi zikikosekana juu kabisa tu, chini ya ngozi ya nje, turudi kwa yule mama mwenye vijipele shingoni. Kwa macho, hali yake hufanana mno na pseudozanthoma elastikamu, ugonjwa wa kurithi unaoweza kuharibu macho na mishipa ya damu. Hadubini huzitenga hali hizo mbili: katika ugonjwa wa kurithi nyuzi hazijapotea, zimevimba, zimevunjika na kushika chokaa, na rangi ya von Kossa huitia chokaa hiyo weusi. Hata hivyo daktari wa macho huombwa atazame nyuma ya jicho, kwa sababu kulikosea hili ni kumkosesha mtu uangalizi wa macho yake.

Shida ni ngozi. Mbona napimwa damu na mapafu?

Kwa sababu jina nililolieleza hapo juu ni la uharibifu, si la mharibifu. Anetodema huweza kuja baada ya kaswende, ukoma, kifua kikuu, tetekuwanga au hata chunusi, na huonekana pia kwa wenye VVU na wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Isiyo na chanzo kinachoonekana ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwani baadhi ya wagonjwa hao wana kingamwili za antifosfolipidi, zinazogandisha damu ndani ya mishipa na kuharibu mimba. Mwanamke aliyepoteza mimba mara mbili na ana vidoa vinavyozama kidole, historia hizo mbili ziandikwe kwenye ukurasa mmoja.

Kutisi laksa ya ukubwani hutafutiwa protini zisizo za kawaida katika damu na mkojo, maana huweza kuambatana na mayeloma, saratani inayoanzia kwenye uboho. Elastini imo pia mapafuni, kwenye aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) na kwenye utumbo, hivyo pumzi fupi au ngiri mpya si mambo ya pembeni. Dawa nazo huulizwa, hasa penisilamini: huishika shaba mwilini, na bila shaba kimeng'enya kinachounganisha elastini hakifanyi kazi.

Watoto nao hupata?

Mara chache. Mtoto anaweza kupata mabaka mekundu yaliyovimba pamoja na homa, yakapona na kuacha ngozi imelegea. Huyo achunguzwe moyo na aota. Watoto njiti nao wamewahi kupata vidoa vya anetodema pale vipimo vya moyo vilipokuwa vimebandikwa.

Inatibika?

Elastini iliyokwisha kupotea, hakuna dawa iliyothibitishwa kuirudisha. Krimu zenye elastini haziingizi uzi wowote kwenye demisi. Kinachowezekana ni kuzuia mpya: kutibu chanzo kikipatikana, kutuliza uvimbe ukiwa bado upo, na kujikinga na jua, hasa katika elastolisisi, ambayo kwa baadhi ya watu imefuata jua kali. Doa moja linalokera linaweza kukatwa na kushonwa.

Nirudi kliniki nikiwa na nini?

Picha za zamani zinazoonyesha sehemu hiyohiyo, hata za sherehe. Orodha ya dawa zote za miaka michache iliyopita. Na kama uliwahi kukatwa kinyama, usikubali upesi kukatwa tena: maabara huhifadhi bloku ya nta kwa miaka, na vipande vipya vinaweza kukatwa humo vikatiwa rangi ya elastini. Kwenye karatasi ya majibu kuna namba ya kielelezo, kwa kawaida kona ya juu. Hiyo ndiyo wanayoitafutia bloku.