Kwa nini wakazi waandamane kupinga jumba la sanaa?

Boyle Heights ni mtaa wa Los Angeles, Marekani, ng'ambo ya mto upande wa mashariki. Wakazi wake wengi wana asili ya Meksiko, na wengi ni wapangaji. Mwaka 2016 baadhi yao walibeba mabango wakitaka majumba ya sanaa yaliyofunguliwa pale yafungashe virago. Mwaka uliofuata, moja likafungwa kweli. Je, picha za ukutani zimemkosea nani?

Jibu la wengi, nami nililishikilia kwa miaka, ni kwamba wenye pesa wakija, maskini hufukuzwa: leo kodi imepanda, kesho vyombo viko nje. Hayo hutokea, na yanaumiza. Ila mwaka 2004 Lance Freeman na Frank Braconi walichapisha utafiti kuhusu New York ya miaka ya 1990. Waligundua kwamba kaya maskini katika mitaa iliyokuwa ikivamiwa na wenye kipato zilihama kwa nadra kuliko kaya maskini za mitaa mingine. Niliposoma hayo, ilinibidi nirudie ukurasa.

Mtaa hugeukaje, basi, kama watu hawafukuzwi kwa wingi?

Chukua mtungi wenye tundu dogo chini. Maji yanadondoka, nawe unaongeza kwa juu, kwa hiyo haukauki. Mtaa wowote uko hivyo: huyu kapata kazi mbali, yule kaolewa, bibi wa chumba cha uani kafariki. Sasa anayejaza aanze kumimina chai. Tundu halijapanuka, matone yanadondoka kwa kasi ileile, lakini siku si nyingi mtungini mna chai tupu. Chumba alichoacha fundi cherehani hapewi tena fundi mwenzake, maana kodi mpya anaimudu wakili. Binti wa jirani anayetaka kuanza maisha karibu na mama yake hapati mlango. Huyu hahesabiwi popote kama aliyefukuzwa, kwa kuwa hakuwahi kuingia.

Mtungi hauelezi kila kitu. Mwaka 2006 Kathe Newman na Elvin Wyly walionyesha kwamba New York hiyohiyo wapo waliong'olewa, na kwamba waliobaki mara nyingi walikingwa na sheria za kudhibiti kodi, au walibanana chumba kimoja. Pasipo kinga hiyo, tundu lenyewe linaweza kupanuka.

Jina la mwenendo huu, kwa Kiingereza "gentrification", lilitolewa na mwanasosholojia Ruth Glass mwaka 1964, akiitazama London. Wakazi wa Boyle Heights hawakuhitaji jina. Jumba la sanaa halimtoi mtu chumbani, ila linamwonyesha mwenye nyumba kwamba yupo mpangaji mwingine wa kumsubiri. Ndiyo maana mwaka 2017 mkahawa mpya wa kahawa nao ukaandamaniwa, ingawa mmoja wa wenyewe alikuwa mhamiaji kutoka El Salvador.