Nyumba ya Shela na ghorofa ya binti

Wiki tatu zilizopita niliitwa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, kukagua nyumba ya mawe ambayo warithi wake hawaelewani. Wengine wanataka kuuza, maana wageni wanaotafuta nyumba za kale hawakomi na bei ya leo si ile ya babu zetu. Bibi mmoja, ambaye ndiye anayeishi humo, hataki hata kusikia. "Fundi, wewe tuambie tu ina umri gani," wakaniambia. Nikatoka Lamu kwa miguu, kwani maji yalikuwa yamekupwa, na njia nzima nikifikiria kwamba swali lao silo.

Hati haikunisaidia. Usajili wa ardhi huku pwani ulikuja na sheria ya mwaka 1908, na majumba mengi ya Shela yalikuwa yamezeeka kabla ya hapo. Wazee wa Shela hujinasibisha na Takwa, ng'ambo kwenye kisiwa cha Manda, mji uliohamwa karne ya 17. Kaburi la nguzo la huko lina mwaka unaolingana na 1683, na watu wa Shela hadi leo huvuka kwenda kuomba mvua pale. Msikiti wa Ijumaa wenye mnara ulijengwa 1829, wakati mji umeshiba biashara. Nyumba hii basi iko katikati ya hayo, lakini "katikati" si jibu la kumpa mtu anayetaka kuuza.

Kwa hiyo nikaangalia dari. Hapa ndipo ninapoanzia kila nyumba. Boriti ni mti mmoja wa mkoko, na mkoko ulionyooka ukikatwa hukupa mita 3 kwa taabu. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana umeamuliwa na msitu wa mikoko, siyo na mwenye nyumba. Chini, boriti zilikuwa zimechongwa pande nne, na ukipitisha kidole ukutani unakuta masalio ya rangi nyekundu. Juu ni miviringo mitupu, imepakwa chokaa basi. Mikono miwili, nyakati mbili.

Kwenye pembe ya kiwanda, yaani ua wa ndani, nikaona mshono wenyewe. Ukuta wa chini umefikia kimo fulani ukasawazishwa kwa chokaa nzito, kama sakafu ya dari, na hapo hapo mawe ya juu yakaanza upya, madogo zaidi, yamepangwa kwa haraka. Nyumba hii iliwahi kuishia hapo. Miaka kadhaa watu walilala na kuanika nguo juu ya dari lile, kisha mtu akaamua kupanda.

Kwa nini apande? Kwa Waamu, wenyeji wa Lamu, wa majumba ya mawe, jibu la kawaida ni harusi. Mume ndiye anayehamia kwa mke, na baba mwenye uwezo humtayarishia binti yake nyumba. Asipopata kiwanja, hujenga juu ya kichwa chake mwenyewe. Ndiyo asili ya mawikio pia, yale yanayovuka njia kichwani mwako kuunganisha nyumba na nyumba. Mimi nikiona ghorofa ya pili huuliza binti ni nani kabla sijauliza fundi ni nani.

Bibi alikuwa amekaa msana wa tini, ukumbi mrefu wa chini, akichambua mchele. Nikamuuliza. Hakuinua hata macho.

"Ya yuu ni ya nyanya yangu, mwanangu. Baba yake alimjengea kabla hajaolewa. Hini ya tini ndiyo waliyogawana."

Hapo ndipo penye ugomvi wenyewe. Mirathi ya Kiislamu humpa mtoto wa kiume sehemu ya mabinti wawili, lakini kitu alichopewa binti baba akiwa hai hakimo kwenye mirathi. Mshono ule unathibitisha kwamba ghorofa ilikuja baadaye. Hauthibitishi kwamba ilitolewa hiba, yaani zawadi ya baba akiwa hai. Hilo ni la kadhi na mashahidi, na nimewaandikia hivyo, ingawa moyo wangu ulijua kabisa uko upande gani.

Tukaingia ndani. Zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, bado zipo, safu kwa safu, chokaa yake imechongwa ikiwa mbichi. Sahani za Kichina zilizokuwa humo zilishauzwa zamani. Nusu ya ukuta inamomonyoka. Mtu aliupiga saruji. Saruji haipumui, chumvi iliyo ndani ya mawe ya matumbawe hukosa pa kutokea, ikasukuma plasta nzima ikaanguka kwa vipande. Sikusema neno kali, kwa sababu kazi yangu ya kwanza kabisa nilifanya kosa hilo hilo, na nililipwa vizuri.

Nyuma, karibu na nyumba ya kati, kile chumba cha ndani, kuna mlango uliozibwa kwa matofali ya saruji. Matofali hayo peke yake yanakuambia kwamba kuziba ni kwa juzi ukilinganisha na nyumba. Milango ya namna hii iliwawezesha wanawake kutembeleana mtaa mzima bila kukanyaga njia. Nikauliza huu ulielekea wapi.

"Kwa mama mdogo," akasema. "Walikosana na mama, ukazibwa. Wote wawili wamekufa sasa. Mjukuu wake yuko pale, yuwatusikia."

Nilipokuwa nikikunja utepe wangu wa kupimia, bibi akauliza jambo moja tu: mlango ule ukizibuliwa, ukuta utasimama? Nikamwambia utasimama, mradi boriti ya juu ya mlango ibadilishwe kwanza, maana imeliwa na mchwa. Akaweka ungo chini, akamtuma mtoto akamwite jirani.