Kufuma wanyama wadogo kwa kroshia: dhana potofu na ukweli

Wengi wetu tuliolelewa katika nyumba ambazo makochi yalivikwa vitambaa vya kroshia tunaamini kwamba kumfuma dubu au sungura mdogo ni kazi ya fundi aliyekwisha kubobea. Ukweli ni kinyume chake. Kitambaa cha mezani hudai mishono ya namna nyingi, ilhali mwanasesere wa aina hii, ambaye Wajapani humwita amigurumi, hufumwa karibu mwili mzima kwa mshono mfupi peke yake: unaingiza sindano, unavuta uzi upate vitanzi viwili, kisha unauvuta tena upite katika vyote viwili.

Wapo wanaodhani kila mnyama ana ufundi wake. Ukichunguza kichwa na kiwiliwili utakuta ni mipira, mmoja wa mviringo na mwingine uliorefushwa kidogo. Anza na mishono 6 ndani ya kitanzi cha uzi kinachokazwa kwa kuvuta ncha yake, katika duru ya pili fuma miwili katika kila tundu upate 12, kisha ongeza sita kila duru, yaani 18 na 24. Zungusha duru nne bila kuongeza, halafu rudi 18, jaza pamba, malizia kwa 12 na 6. Nashauri mipira mitatu ifumwe kabla ya kugusa masikio, kwa sababu mkono unaozoea hesabu hii hautasumbuliwa tena na mchoro wowote wa mwanzo. Asiyeweza kile kitanzi cha kukazwa asikate tamaa: afume minyororo miwili, yaani avute uzi mara mbili kupitia kitanzi kilicho kwenye sindano, kisha mishono yote sita katika mnyororo wa pili kutoka kwenye sindano.

Dhana inayoharibu kazi nyingi kuliko zote ni kwamba ukubwa wa sindano ufuate lebo ya uzi. Lebo hukusudia shali na sweta, mavazi yanayotakiwa kulegea. Mnyama hutakiwa kukaza, la sivyo pamba nyeupe itachungulia katikati ya mishono ya kahawia na kumfanya aonekane amechakaa siku ileile aliyozaliwa. Lebo ikisema milimita 4, chukua 3 au 2.5.

Matundu mengine hutokana na kupunguza, yaani kugeuza mishono miwili kuwa mmoja. Wanaoanza huokota mishono miwili mizimamizima na kuiunganisha, na hapo hubaki uvimbe wenye mwanya kando yake. Tazama juu ya mshono: kuna nyuzi mbili zilizolala kama herufi V. Pitisha sindano chini ya uzi wa mbele tu wa mshono wa kwanza, kisha wa mbele wa mshono wa pili, halafu fuma mshono mfupi kama kawaida. Sehemu hiyo haitajulikana hata ukiigeuza kwenye mwanga.

Si lazima pia kufunga kila duru kwa kuiunganisha na mwanzo wake. Kazi hii huzunguka mfululizo kama konokono, na ndiyo maana duru hupotea upesi. Kipande cha uzi wa rangi nyingine kikiwekwa kwenye mshono wa kwanza, na kuhamishwa kila unaporudi hapo, kitakuokoa na kufumua. Uzi mnene wenye manyoya, unaosifiwa kuwa ni rahisi, huficha mishono kabisa. Mweusi hali kadhalika. Tumia uzi wa akriliki au wa pamba, wenye rangi iliyofifia.

Mwisho ni macho ya plastiki yenye kizibo cha nyuma, ambayo wengi huyaita salama kwa kila mtoto. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hutafuna na kuvuta, mishono hutanuka, na jicho linaweza kuchomoka na kumkaba. Kwa mtoto huyo tarizi jicho kwa uzi mweusi, mapito matano au sita juu ya mshono mmoja, na ufiche ncha ndani ya pamba kabla ya kuufunga mpira.