Kusoma mazoezi ya farasi kabla ya Japan Cup

Mwishoni mwa Novemba, Japan Cup, mbio kubwa ya farasi ya mita 2,400 mjini Tokyo, inapokaribia, magazeti ya mbio ya Japani hujaa takwimu za mazoezi: sekunde za kila farasi, njia aliyokimbilia, aliyempanda, na mwenzake aliyekimbia naye sambamba. Wasomaji wengi huwinda muda mfupi kuliko wote na kuuzungushia kalamu. Mimi huutazama mwisho kabisa.

Farasi wa JRA, chama kinachosimamia mbio za kitaifa, hufanyia mazoezi katika vituo viwili: Ritto mkoani Shiga, kilichofunguliwa 1969, na Miho mkoani Ibaraki, kilichofunguliwa 1978. Mbio huwa Jumamosi na Jumapili, na zoezi kali la mwisho, oikiri, huangukia Jumatano au Alhamisi. Siku hizo zina sababu yake. Misuli ya farasi hurudisha glaikojeni, yaani akiba yake ya sukari, polepole sana: baada ya kazi nzito huchukua siku mbili hadi tatu. Ukimkimbiza kwa nguvu zote Ijumaa, Jumapili anaingia uwanjani akiba haijajaa.

Na pumzi haijengwi siku nne kabla ya mbio. Moyo, damu na misuli hubadilika kwa wiki nyingi za kazi. Kwa hiyo zoezi lenye uzito kwangu ni la wiki moja kabla: hapo ndipo mkufunzi anapomdai farasi nguvu. La mwisho ni la kuhakiki tu kwamba bado ana hamu ya kukimbia. Mpangilio unaonipa imani ni huu: wiki moja kabla anasukumwa hadi mwisho, kisha wiki ya mbio anaachwa aende mwenyewe na bado anamaliza mita 200 za mwisho kwa kasi. Ukiona kinyume chake, mazoezi mepesi wiki baada ya wiki halafu ghafla anakamuliwa Jumatano, jiulize alikosa nini. Mara nyingi mguu ulimsumbua akapoteza siku, au alirudi mnene kutoka shamba la mapumziko na sasa mkufunzi anakimbizana na kalenda.

Tuje kwenye namba. Njia ya mwinuko ya Ritto ina urefu wa mita 1,085 na hupanda mita 32. Ile ya Miho, baada ya ukarabati wa 2023, hupanda mita 33. Muda unaochapishwa ni wa mita 800, 600, 400 na 200 za mwisho. Chukua farasi wawili wa kubuni:

A: 53.0 – 38.5 – 24.9 – 12.2
B: 51.4 – 37.2 – 24.6 – 12.9

Toa kila namba kwenye iliyoitangulia, upate muda wa kila kipande cha mita 200. A anakuwa 14.5, 13.6, 12.7, 12.2. B anakuwa 14.2, 12.6, 11.7, 12.9. Kwa jumla B ametangulia kwa sekunde 1.6, na ndiye atakayezungushiwa kalamu. Lakini kipande chake cha mwisho kimepungua kasi kwa sekunde 1.2. Ama alivuta hatamu mapema akamshinda aliyempanda, ama pumzi ilikata. Kwa mbio za mita 2,400 namchukua A bila kusita, kwa sababu kila kipande amekiongezea kasi huku akipanda.

Kwenye njia ya mviringo iliyotandazwa vibanzi vya mbao kuna mtego mwingine. Nguzo za kupimia ni zile zile, lakini anayekimbia upande wa nje anasafiri mbali zaidi. Katika kona ya nusu duara, kila mita moja ya kusogea nje huongeza takribani mita 3.14. Mita tano nje ni karibu mita 16, na kwa kasi ya zoezi hiyo ni takribani sekunde nzima. Ndiyo maana magazeti huandika alipita wapi, ndani, katikati au nje. Angalia pia saa: njia ikiwa imetoka kusawazishwa huwa nyepesi, lakini makundi mengi yakishapita, vibanzi huchimbuka na kila hatua inakuwa nzito.

Halafu kuna aliyempanda. Joki mwenye kilo 52 na msaidizi wa zizi mwenye kilo 65 hawaleti muda unaolinganishika. Mikono ndiyo ya kutazama zaidi kwenye video. Viwiko vikitulia ubavuni, muda huo ni wa farasi mwenyewe. Vikisukuma kila hatua, au mjeledi ukitoka, ni muda wa kukamuliwa.

Mita 200 za mwisho zirudie mara kadhaa. Farasi aliye tayari hushusha shingo, miguu ya nyuma inaingia chini ya tumbo na kusukuma, na anakwenda moja kwa moja. Aliyechoka huinua kichwa, hatua zinakuwa fupi, na mwinuko ukikaza anaanza kuyumba pembeni. Akiyumba upande ule ule wiki mbili mfululizo, mimi hushuku maumivu kabla ya uchovu. Usizime video kwenye nguzo ya mwisho: anayeendelea kunyoosha hatua bila kuambiwa ana akiba.

Haya yote yalinganishe na farasi huyo huyo, si na jirani yake. Farasi Mihono Bourbon wa mkufunzi Tameo Toyama alijulikana kwa kupandishwa mwinuko wa Ritto hadi mara nne kwa siku. Mwaka 1992 alishinda Satsuki Sho na Derby, mbili kati ya mbio kubwa za farasi wa miaka mitatu, akashindwa na farasi Rice Shower katika ya tatu, Kikuka Sho ya mita 3,000. Kazi iliyokuwa ya kawaida kwake ingekuwa alama ya hatari kwa farasi mwingine. Na wapo wavivu wa asubuhi, wasioonyesha kitu mpaka siku ya mbio. Kwao muda mbaya huwa habari pale tu unapokuwa mbaya kuliko ubaya wao wa kawaida.

Mwisho ni mizani. Kwa mbio za G1, yaani daraja la juu kabisa, JRA hutangaza Alhamisi uzito wa farasi baada ya mazoezi. Tafuta uzito aliokuwa nao aliposhinda. Farasi wa Ritto bado ana safari ndefu ya lori kwenda Tokyo, na kupungua kilo kadhaa njiani ni kawaida. Akiwa kilo sita juu ya uzito wake wa ushindi, sina wasiwasi. Akiwa tayari chini yake kabla hajapakiwa, namwondoa kwenye orodha, hata kama Jumatano alikuwa wa kwanza kwa muda.