Tope ni la bure, ndiyo maana tunapanda topeni

Nikipewa andiko la mradi wa kurudisha mikoko au vinamasi vya pwani, sianzi na ukurasa wa malengo. Nafungua mwisho, kwenye jedwali la bajeti, na humo natafuta mambo mawili: ardhi ni ya nani, na mwaka wa nne, ruzuku ya miaka mitatu ikishaisha, kuna nini. Mara nyingi jibu la kwanza ni "eneo la wazi la umma", na la pili ni sifuri. Nimeomba ruzuku hizi kwa miaka mingi kabla ya kuvuka meza na kuwa miongoni mwa wanaozigawa, na sasa naamini majibu hayo mawili ni maradhi mamoja.

Nianze na ardhi, maana ndiyo isiyozungumzwa.

Mikoko haioti popote penye tope. Kila aina ina kimo chake cha maji. Mlilana huvumilia kusimama mbele, usoni mwa bahari. Mkoko wenyewe hupenda nyuma yake, na mchu utaukuta mbele na pia huko nyuma kabisa ambako maji hufika siku za bamvua tu. Chini ya usawa wa wastani wa bahari, mche hukaa majini saa nyingi mno kila siku, mizizi inakosa hewa, na chaza wadogo wanajazana kwenye shina lake hadi unalala. Tope lililo tupu mbele ya msitu wa mikoko lina sababu ya kuwa tupu. Mbegu zimekuwa zikidondoka hapo mwaka baada ya mwaka na zimeshindwa. Halafu sisi tunafika na miche elfu hamsini, fulana mpya na kamera.

Mahali panapofaa ni pale mikoko ilipokuwa zamani: mabwawa ya kamba yaliyoachwa, mashamba ya chumvi, mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa kingo kuzuia maji ya bahari. Lakini huko kuna wenyewe. Kuna hati, kuna mkopo wa benki, kuna ndugu watatu wanaodaiana urithi. Tope halina mwenyewe wa kubishana naye. Basi fedha hutiririka kama maji, kwenda kusiko na kizuizi.

Matokeo yake yameandikwa. Nchini Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, watafiti walirudi kukagua maeneo 23 yaliyopandwa mikoko. Katika 9 hawakukuta hata mche mmoja hai, na kati ya hekta 1,000 hadi 1,200 zilizopandwa, zilizofaulu zilikuwa kama 200 tu. Ufilipino, nchi yenye historia ndefu ya kampeni za upandaji, tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta miche iliyosalia kwa muda mrefu ni asilimia 10 hadi 20, na ikataja sababu ileile: aina isiyofaa, mahali pasipofaa, huku mabwawa yaliyotelekezwa yakibaki mikononi mwa wamiliki.

Ndiyo maana nashikilia kwamba fedha za kurudisha makazi ya viumbe na fedha za kuhifadhi ardhi si mafungu mawili. Ukiwa na la kwanza bila la pili, utapanda topeni. Ukiwa na la pili bila la kwanza, utamiliki bwawa kavu lenye kibao kizuri.

Shida ni kwamba mafungu hayo yana tabia tofauti. Fedha ya ardhi ni kubwa, ya mara moja, na inatakiwa haraka. Mwenye shamba akiamua kuuza hasubiri kamati ikutane. Ruzuku nyingi hufunguliwa mara moja kwa mwaka, na tangu kuomba hadi kusaini unaweza kumaliza mwaka mzima na zaidi. Mashirika yanayojua kazi hii huwa na mfuko wa mzunguko: wananunua leo kwa fedha ya mfuko, wanaomba ruzuku kesho, ikija wanaurudishia mfuko. Asiye na mfuko huo hukopa, na riba ya mkopo mara nyingi haikubaliki kama matumizi halali ya ruzuku. Nawajua watu walionunua ukingo wa mto kwa njia hiyo, wakalipa riba kwa michango ya harusi. Simaanishi mzaha. Bwana harusi alikuwa mwenyekiti wao.

Kuna pia kanuni ya tathmini. Mfuko wa umma kwa kawaida haulipi zaidi ya thamani iliyokadiriwa na mthamini huru. Mwenye ardhi akidai zaidi, tofauti hiyo itoke kwingine au biashara ife. Na mthamini anathamini soko la leo. Hajui kwamba bahari inapanda na kwamba lile shamba kavu nyuma ya kinamasi ndilo kinamasi cha mjukuu wako. Hapo ndipo mahali pa kununua sasa, kabla halijajengwa ukuta, lakini andiko linaloomba fedha ya kununua shamba la kawaida lisilo na ndege hata mmoja hupata alama duni kwenye kamati. Nimepigana vita hivyo na nimeshindwa mara nyingi kuliko kushinda.

Marekani wana mpango mmoja ninaoupenda kuutolea mfano kwa sababu umebeba mafungu yote mawili: ruzuku za taifa za ardhioevu za pwani, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1990. Fedha zake zinatokana na ushuru wa vifaa vya kuvulia samaki na mafuta ya boti, na mradi mmoja unaweza kupata hadi dola milioni 1, kwa kununua ardhi au kuirekebisha. Jimbo linatakiwa kuchangia nusu ya gharama, ila likiwa na mfuko wake maalumu wa kununua ardhi, mchango unashuka hadi robo. Itazame kanuni hiyo vizuri. Haikuagizi uwe na mfuko wa kudumu, inakupunguzia mzigo ukiwa nao. Katika kanuni zote nilizosoma za kugawana gharama, hii ni miongoni mwa chache zilizotungwa na mtu aliyefikiria mwaka wa nne.

Ufaransa walichukua njia nyingine. Mwaka 1975 waliunda chombo cha umma, Conservatoire du littoral, chenye kazi ya kununua ardhi ya pwani. Ikishaingia humo, kwa kawaida haiuzwi tena. Utunzaji wa kila siku hukabidhiwa manispaa na wabia wengine, na fedha za ununuzi kwa miaka mingi zimetegemea kodi wanayolipa wenye mashua za starehe. Uingereza, shirika la hisani la National Trust walianza kampeni yao ya kununua ufuo mwaka 1965, na wana desturi moja ambayo huwaudhi watoaji: ukitaka kuwapa ardhi, watakuuliza na fedha ya kuitunza iko wapi. Mtu anakupa kilomita mbili za majabali bure, nawe unamdai! Lakini ukishawahi kurithi eneo lenye uzio ulioanguka, kisima cha kuziba na jirani mwenye mbuzi, utawaelewa.

Hapo ndipo tunafika kwenye mwaka wa nne. Wahenga walishasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na bajeti zetu karibu zote ni za uzazi. Mapitio makubwa ya miradi ya pwani duniani, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuta gharama ya kati ni kama dola 80,000 kwa hekta, mikoko ikiwa rahisi kuliko nyingine, matumbawe na nyasi bahari zikiwa ghali zaidi. Watu wengi wananukuu tarakimu hiyo. Wachache wananukuu nyingine iliyomo humohumo: ufuatiliaji haukuzidi mwaka mmoja au miwili katika miradi mingi. Kwa hiyo ile asilimia 38 ya nyasi bahari zilizosalia, au 51 ya mikoko, ni hali ya mtoto anayetambaa.

Ukitaka kuona malezi yenyewe, tazama ghuba za pwani ya bahari ya Virginia. Nyasi bahari zilikuwa zimetoweka huko tangu miaka ya 1930, kwa ugonjwa na kimbunga. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 watafiti na watu wa kujitolea walikusanya mbegu, wakazitawanya kwa mkono, wakarudi tena mwaka uliofuata, na uliofuata, kwa takriban miaka 20. Zaidi ya mbegu milioni 70 zilitawanywa katika hekta 213. Nyasi zenyewe zikaendelea kusambaa hadi kufikia zaidi ya hekta 3,600. Hakuna ruzuku moja ya miaka mitatu inayoweza kufanya hivyo. Ilikuwa ni ruzuku kupokezana na ruzuku, na chuo kimoja kisichokata tamaa.

Wengi wetu hatuna chuo cha namna hiyo, hivyo ni lazima tutafute fedha zenye umri mrefu. Hesabu ya mfuko wa amana inatisha mara ya kwanza, lakini ni rahisi. Tuseme utunzaji unahitaji dola 20,000 kila mwaka, na unatumia asilimia 4 tu ya mfuko ili mtaji usiliwe na mfumuko wa bei. Unahitaji dola 500,000 zikae benki na kwenye hati fungani, zisiguswe. Ukimwambia mfadhili hivyo, anaona umemwomba mlo wa wageni elfu. Ukimwomba miche ya dola 500,000 anasaini. Mimi sasa huandika fungu la amana ndani ya bei ya ardhi yenyewe, mstari mmoja na ununuzi, si kiambatisho. Kikikaa pembeni hukatwa kwanza.

Kodi ndogo ya muda mrefu nayo hufanya kazi. Mwaka 2003 dola milioni 100 zililipwa kwa mabwawa ya chumvi ya Ghuba ya San Francisco, kama hekta 6,700, ili yarudishwe kuwa vinamasi. Ununuzi ulikamilika, kazi ya kufungua kingo ili bahari iingie ikapangiwa awamu za miaka 50. Juni 2016 wapiga kura wa kaunti 9 kuizunguka ghuba walikubali kulipa dola 12 kwa kila kiwanja kwa mwaka, kwa miaka 20, ambazo ni kama dola milioni 25 kila mwaka. Si fedha za ajabu. Uzuri wake ni kwamba mhandisi anajua mwaka wa tisa zitakuwepo.

Hata faini inaweza kupewa umri. Baada ya mlipuko wa Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta katika Ghuba ya Meksiko, mwaka 2010, makubaliano ya 2016 yaliitaka kampuni ya mafuta ya BP ilipe hadi dola bilioni 8.8 kwa madhara ya maliasili, sehemu kubwa ikilipwa kwa awamu za miaka 15 hivi. Wengine walinung'unika kwamba mkosaji amepewa muda. Mimi sikunung'unika. Bilioni 8.8 kwa mkupuo mmoja zingeishia kwa wakandarasi wa kwanza kufika.

Kaboni ya buluu, yaani kuuza hewa ukaa inayofyonzwa na mikoko na mimea mingine ya pwani, naitaja kwa tahadhari, maana imekuwa wimbo. Mikoko Pamoja, katika Ghuba ya Gazi nchini Kenya, ilianza mwaka 2013, na huuza hati za hewa ukaa kutokana na hekta 117 za mikoko, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zake huenda kwenye maji, shule na kulinda msitu. Kiasi ni kidogo. Hazingetosha kununua bwawa hata moja, na anayeahidi kununua ardhi kwa kaboni ajipange upya. Ila huja kila mwaka na kumlipa mlinzi, na mlinzi ndiye asiyekuwemo kwenye bajeti za wengine. Bima nayo ina nafasi yake finyu: Quintana Roo, Meksiko, mfuko wa serikali ya jimbo uliukatia mwamba wa matumbawe bima mwaka 2019, na kimbunga Delta kilipopita Oktoba 2020 bima ililipa kama dola 850,000. Kazi ya fedha hizo ni kufika upesi, vipande vya matumbawe vikiwa bado hai.

Jambo moja la mwisho, linaloua vikundi vidogo kuliko dhoruba. Ruzuku nyingi za umma hurudisha ulichokwisha kutumia. Unalipa, unakusanya risiti, unaomba, unangoja. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilishinda ruzuku kubwa kuliko zote katika historia yake, na kikafilisika kabla ya malipo ya pili, kwa sababu trekta na mafundi hawakukubali kungoja siku 90. Siku hizi nikisaidia mtu kuomba, tunaomba kwanza fungu dogo la upimaji tu: kimo cha ardhi, mwendo wa maji, na jina lililo kwenye hati. Gharama yake ni ndogo, na nusu ya miradi hufia hapo, ikiwa bado haijaumiza mtu.

Mwezi uliopita lilikuja andiko la kurasa 11. Walitaka kununua bwawa la kamba lililoachwa, kukata ukingo sehemu tatu, na kuweka fedha za mlinzi kwa miaka 10. Msitu uliokuwa jirani ungeleta mbegu wenyewe, kwa hiyo hawakuomba mche hata mmoja. Mjumbe mwenzangu aliinua mkono akauliza kitalu kiko wapi, na picha za ripoti zitapigwa nini. Tulibishana saa nzima. Wamepewa fedha, kwa sharti waongeze miche elfu mbili, na wameniandikia kuuliza waipande wapi.